Bangili za Sundus

Ukimuuliza mtu yeyote wa Bondeni akuonyeshe kwa Jalal sonara, atakuonyesha kwa kidevu tu, hatajisumbua kuinua mkono. Duka lenyewe ni mlango mmoja, umebanwa kati ya muuza vitenge na Owino fundi wa saa. Ndani mna meza, mizani, mtungi wa gesi na mzee mmoja mfupi ambaye akikohoa, mtaa mzima unajua amefungua. Babu yake alipanda treni Mombasa na nyundo yake na koleo lake, akashuka Nakuru, akasema hapa panatosha. Babu ya Owino alikuwa akitengeneza vichwa vya treni hizo hizo. Wajukuu wao wamekaa ukuta kwa ukuta tangu hapo, wakiombana chumvi na kutaniana bila mtu kununa.

Jalal ni mtu wa maneno mengi na sheria moja. Sheria yenyewe ni hii: hayeyushi dhahabu ya mtu kama mwenyewe hayupo. Uje na hereni za nyanya yako, au na pete ya ndoa iliyokushinda, halafu uache mezani uende sokoni urudi baadaye? Thubutu! "Kaa hapo," atakwambia, akikusukumia kiti cha plastiki kwa mguu. "Mali yako iingie motoni ukiiona." Wengi hudhani anaogopa kuitwa mwizi, lakini sivyo. Desturi hiyo aliirithi kwa baba yake, aliyeshikilia kwamba kitu kikishayeyuka hakirudi, kwa hiyo mwenyewe apewe nafasi ya kusema ngoja. Na watu wamesema ngoja, si mmoja wala wawili. Kuna mama wa Kabazi aliyesema ngoja moto umeshawaka, akanyakua pete yake akatoka mbio hata kuaga hakuaga.

Sasa mtu wa namna hiyo, mwenye sheria ya namna hiyo, ndiye aliyeyeyusha bangili za binti yake mwenyewe, na binti hayupo. Wee! Hata Owino, ambaye hajawahi kupewa siri ikafika jioni, alipoambiwa hiyo alikaa nayo kimya.

Bangili zilikuwa mbili, na tuseme ukweli, zilikuwa mbaya. Jalal alizitengeneza akiwa kijana anayejifunza kazi, kwa ajili ya Sundus aliyekuwa akimposa. Moja ilipinda kidogo. Ya pili kiungo chake kilionekana wazi kama kovu. Alipokuwa fundi kamili akawa anaona haya kila akiziona. "Nipe nizinyooshe," alimbembeleza mkewe mara ngapi sijui, na Sundus alikuwa akicheka tu. "Hivi hivi zilivyo," alisema. "Ukitaka kunyoosha kitu, nyoosha mdomo wako."

Basi akapika nazo, akafua nazo, akalea nazo. Najwa, mtoto wao wa pekee, alipoota meno alizitafuna, na kwa kuwa dhahabu yenyewe ilikuwa safi na laini, alama za meno zikabaki. Nyumba yao ilikuwa vyumba viwili, lakini Jalal hakuwa na haja ya kuuliza mkewe yuko wapi. Alizisikia zikigongana, akajua sasa anakanda unga, sasa anakunja nguo, sasa anakuja na chai. Miaka zaidi ya thelathini alisikia sauti ile na hata siku moja hakukaa akaisikiliza.

Najwa naye alikulia kwenye kile kiti cha plastiki, na alikuwa mtoto wa maswali.

"Baba, dhahabu inatoka wapi?"

"Dubai."

"Na huko Dubai ilitoka wapi?"

"Ardhini."

"Na ardhini iliingiaje?"

"Mungu aliiweka. Hebu nenda ukamsaidie mama yako."

Mungu aliiweka, hilo Najwa hakulipinga. Ila alitaka kujua aliiweka vipi. Jibu alikuja nalo mwaka wa 2017, alipokuwa chuo kikuu akisomea ualimu wa fizikia. Aliingia dukani salamu zikiwa nusu mdomoni.

"Baba, wameiona! Wameiona ikitengenezwa!"

"Wameona nini, we mtoto? Pumua kwanza."

"Dhahabu!"

Akamweleza, mikono ikiruka huku na huku. Nyota kubwa ikifikia mwisho wake, katikati yake panaporomoka na nyota inalipuka. Kinachobaki ni tonge moja lililoshindiliwa kupita kiasi, upana wake hauzidi mwendo wa kutoka Nakuru hadi Njoro, na bado ni zito kuliko jua. Ukichota kijiko kimoja tu cha chai, kijiko hicho ni kizito kuliko kile kilima cha Elmenteita kinachofanana na mtu aliyelala. Hizo huitwa nyota za nyutroni. Basi kuna wakati mbili zinazungukana, zinasogeleana polepole kwa mamilioni ya miaka, mwishowe zinagongana. Hapo nyutroni zinamwagika kwa wingi usiosemeka, zinavivamia vitu vyepesi na kuvijaza uzito kabla havijapata nafasi ya kutulia, mpaka vinakuwa dhahabu, platini na urani. Vumbi lake husambaa angani, na vumbi la namna hiyo, zamani mno, lilichanganyika na udongo uliokuja kuwa dunia hii. Mwaka ule watu wa darubini walikuwa wamenasa mgongano wa aina hiyo kwa mara ya kwanza.

Jalal alivua miwani. "Kwa hivyo unataka kuniambia miaka yote hii mimi nauza mabaki ya ajali."

"Ajali kubwa, Baba."

"Kama zile za trela pale Salgaa."

"Hizo ni za watoto."

Sundus alikuwa amesimama mlangoni na birika. "Hata hizi?" aliuliza, akiinua mkono.

"Hata hizo, Mama. Hizo ni kongwe kuliko dunia."

Sundus alizigeuza geuza, akamtazama mumewe kwa pembe ya jicho. "Zimesafiri mbali hivyo zikiwa nzima, zikaja kupindwa Bondeni."

Walicheka mpaka Owino akaja kuuliza kuna nini, naye akaelezwa, naye akacheka. Jalal anaikumbuka siku ile kuliko siku ya harusi yake.

Mwaka uliofuata Sundus aliugua, na hakuchukua muda. Mikono ilikonda hadi bangili zikawa zinatoka zenyewe. Aliziweka kwenye kiganja cha Najwa, Jalal akiwa ameketi pale pale kitandani, akamwambia, "Zako hizi." Matanga yalipokwisha Najwa alirudi nazo chuoni, na wiki chache baadaye akazileta dukani zikiwa zimefungwa kwenye leso. "Niwekee, Baba," alisema, akaondoka haraka. Jalal akaziweka kwenye sanduku lake la chuma pamoja na mali za wateja. Ikawa amana.

Hapo ndipo taabu yake ilipoanza, na hakumwambia mtu. Kila akivuta sanduku kutoa kitu, zinagongana. Siku ya kwanza aligeuka. Wallahi aligeuka kabisa, mkono umenyooka, apokee chai. Mlangoni hapakuwa na mtu. Akazifunga kwa kitambaa, zikagongana ndani ya kitambaa. Akazitenganisha, moja kona hii, nyingine kona ile. Siku hiyo sanduku lilikuwa kimya, na ukimya ule nao ukamchoma, akazirudisha pamoja.

Msibani hakulia. Watu walimsifu, wakasema mzee ana subira, imani yake ni ya chuma. Siku chache baadaye alikuwa amefungua duka, anapima hereni za watu, anabishana na Owino kuhusu mpira. Najwa alimwona hivyo, macho makavu, mdomo ukifanya kazi, na akaliweka moyoni.

Halafu Najwa akaposwa. Kijana aliitwa Mujahid, ana duka la mbegu na dawa za mifugo kule Rongai, mwendo mfupi kutoka Nakuru, kijana mtulivu, hana neno. Jalal alipopata habari hizo alifurahi kweli, na ndani ya furaha hiyo akapata kisingizio. Atamtengenezea bintiye seti ya harusi! Mkufu, hereni, pete, kazi ambayo Nakuru nzima haijaona. Na dhahabu ataitoa wapi? Si zipo bangili za mama yake? Ni zake mwenyewe, zitamrudia mwenyewe, tena zikiwa nzuri. Mtu akitaka kujidanganya hakosi maneno.

Asubuhi moja baada ya swala ya alfajiri alifungua duka, akarudisha mlango. Kiti cha plastiki kilikuwa kitupu. Alikitazama, hilo hawezi kulikana, alikitazama akakisogeza kando kwa mguu ili apate nafasi. Akawasha gesi. Bangili zilikaa kwenye kikombe cha udongo kwa muda kama zinazokataa, kisha zikawa nyekundu, zikalegea, zikalaliana, zikawa tone moja linalotetema. Alama za meno ziliondoka mwanzo, kabla ya kitu kingine chochote. Alipozima moto alisikia nafuu kifuani, nafuu kubwa kama ya mtu aliyetua mzigo, na papo hapo akaionea aibu nafuu hiyo. Lakini maji yakishamwagika hayazoleki. Alifanya kazi juu ya dhahabu ile kwa wiki kadhaa, na kazi ilitoka safi mno.

Siku ya hina nyumba ilijaa wanawake. Jalal alibisha, akaingia chumbani na kisanduku cha mahameli, akajikohoza kama afisa. Alipokifungua, wanawake walipiga vigelegele hadi Owino akasikia kule nje. Najwa, mikono imejaa hina mbichi, aliinama akatazama. Uso ulimng'aa.

"Mashallah, Baba. Ni nzuri sana." Kisha akasema, "Na zile za Mama umekuja nazo? Kesho nataka kuzivaa."

Jalal alikuwa bado anatabasamu. "Ndizo hizo."

"Ndizo zipi?"

"Hizo. Nimekutengenezea upya."

Vigelegele vilikatika kimoja kimoja. Yeye, badala ya kunyamaza, au kupiga magoti, au kufanya chochote ambacho mtu mwenye akili angefanya, akaleta mzaha. "Si wewe uliniambia dhahabu imepita kwenye mlipuko wa nyota? Sasa kamoto kangu haka kataiumiza nini?"

Najwa hakupaza sauti. Ingekuwa heri angepaza.

"Dhahabu haijaumia, Baba," alisema. "Bangili ndizo hazipo."

Aliolewa mikono mitupu, na hina yake. Kisanduku kilibaki juu ya kitanda cha mama yake, na Jalal ndiye aliyekirudisha dukani.

Usidhani walikosana. Afadhali wangekosana, watu wazima wangeingia kati, maneno yangesemwa, yangekwisha. Najwa alikuja kila Idi na sinia la mahamri na "Shikamoo, Baba." Alimpigia simu kuuliza dawa za presha kama zipo. Heshima ilibaki kamili, hata nukta haikupungua. Kilichokwisha ni mazungumzo. Hakuwahi tena kuingia dukani akiwa na jambo la kumweleza kabla hajapumua, na Jalal, aliyezungukwa na watu wa kuongea nao mchana kutwa, alikuwa na njaa ya jambo hilo tu. Alijaribu kukaa chini achore zile bangili, pengine atengeneze nyingine. Kwa nini asiweze? Anakumbuka pete za watu waliokufa zamani. Lakini ilikuwa imepinda ya kulia au ya kushoto? Kovu la kiungo lilikuwa refu kiasi gani? Alama za meno je, zilikuwa nje au ukingoni? Alishika kalamu hadi chai ikapoa, na hakuchora kitu. Majuto ni mjukuu, wanasema. Kwake yalikuja yakakaa kabisa.

Miaka sita ikapita hivyo. Juzi, mwaka huu wa 2025, Owino alikuwa kwenye meza yake, saa ya mtu imefumuliwa, redio inaongea, akapiga ukuta kwa ngumi.

"Sonara! Kuja haraka, wanasema mambo ya kazi yako!"

Jalal alikuta habari inaelekea mwisho. Wanasayansi wanasema huenda si lazima nyota mbili zigongane. Nyota moja ya nyutroni, peke yake, yenye nguvu za sumaku zisizo za kawaida, huenda ikalipuka ikarusha dhahabu.

"Moja tu," Owino alisema. "Bila ya kugongana na mtu."

"Inawezekanaje?"

"Mimi ni wa saa, boss. Uliza yule mtaalamu wako wa Rongai."

"Mtaalamu gani?"

"Ala! Umesahau una mtoto?" Owino aliweka bisibisi chini, na safari hii hakuwa anatania. "Mzee, hii kitu imekukalia miaka sita. Enda. Sema hata umekuja juu ya nyota, basi. Lakini enda."

Jalal alimtukana kidogo, tusi la kirafiki, akarudi kwake. Asubuhi iliyofuata mlango wake ulikuwa na kufuli, na muuza vitenge akadhani mzee amefariki.

Shule anakofundisha Najwa iko nje kidogo ya mji wa Rongai, imezungukwa na mahindi. Mlinzi alimpeleka hadi maabara. Najwa alikuwa peke yake, anafuta ubao, na alipomwona baba yake mlangoni akashika meza.

"Baba! Kuna nini? Nani?"

"Hakuna aliyekufa. Shikamoo yangu iko wapi?"

"Shikamoo, Baba. Umenitisha."

"Marahaba. Nimekuja kuuliza swali." Akaketi kwenye stuli ndefu ya wanafunzi, miguu ikining'inia. "Hii nyota moja. Ya sumaku. Inalipukaje bila kugongwa?"

Najwa alimkagua kwanza, kama anayetafuta kilichojificha nyuma ya swali. Kisha ualimu ukamshinda. Akachora mduara ubaoni. Nyota hizo zina gamba la nje, alisema, gamba gumu kuliko chuma chochote, na ndani nguvu za sumaku zinavuta na kusokota bila kupumzika. Nje huoni kitu. Halafu siku moja gamba linashindwa, linapasuka, na mlipuko unarusha sehemu yake angani. Ndani ya kile kilichorushwa, huenda dhahabu ikatengenezwa vilevile.

"Huenda?"

"Huenda. Bado wanabishana. Pengine sehemu ndogo tu ya vitu vizito vyote ndiyo inatoka huko." Mikono yake ilikuwa imeanza kuruka. "Lakini sikiliza hii, Baba. Mlipuko wenyewe walioutumia kama ushahidi si wa juzi. Ulionekana 2004! Vyombo vikaunasa, vikanasa na mwanga mwingine uliokuja baadaye, na watu wakauona, wakaandika kwamba upo, wakashindwa kujua ni wa nini. Ukakaa hivyo. Miaka ishirini, jibu liko mezani na hakuna anayelijua kuwa ni jibu."

"Liko mbele yao?"

"Mbele yao kabisa."

Nje wasichana walipita wakicheka. Jalal aligundua kwamba binti yake alikuwa amemweleza jambo bila kupumua, na kwamba akinyanyuka sasa, akisema asante, akarudi Bondeni, atakuwa amepata zaidi ya alichotarajia. Alitamani kufanya hivyo. Lakini hakushuka kwenye ile stuli, miguu ikabaki ikining'inia.

"Najwa," alisema. "Zile bangili. Sikuziyeyusha kwa ajili yako."

Mkono wenye chaki ulishuka.

"Nilisema ni za harusi. Uongo. Zilikuwa zinagongana. Kila nikifungua sanduku zinagongana, na mimi nageuka kumtazama, na hayupo. Sikuweza, mwanangu. Niliona nitapata wazimu. Ndiyo nikazitia motoni zinyamaze, halafu nikakuletea wewe nikaita zawadi. Zilikuwa amana yako. Nisamehe."

Najwa alikaa kwenye stuli iliyokuwa karibu. Chaki ilikuwa inavunjika vunjika mkononi mwake.

"Na mimi nilikuletea kwa nini?" aliuliza.

"Niziweke."

"Kwa sababu sikuweza kuzisikia, Baba. Kule bweni la chuo nilizitia ndani ya soksi, nikatia soksi ndani ya sanduku, na bado nikigeuka kitandani nazisikia. Nikasema Baba yeye ana moyo mgumu, hajalia hata tone, yeye atakaa nazo bila shida. Siku ya harusi nilikuwa nimejikaza nizivae siku hiyo moja tu, basi." Alifuta uso kwa kiganja chenye vumbi la chaki. "Nimekuchukia kwa kutolia. Miaka sita nimekuchukia kwa hilo, si kwa bangili."

"Nililia," Jalal alisema. "Nilikuwa nafunga mlango."

"Sasa mimi ningejuaje?"

Kengele ikalia. Wasichana walianza kujipanga mlangoni na vitabu vyao, wakimchungulia mzee mgeni juu ya stuli. Najwa alinawa uso kwenye sinki la maabara, akavuta mtandio wake vizuri, akamwambia baba yake angoje hapo hapo, baada ya kipindi wataenda kwake wale chakula. Kisha akawafungulia wanafunzi, akafuta ule mduara, akaanza somo la siku hiyo kwa sauti yake ya kawaida. Jalal alisogea nyuma ya darasa. Alijaribu kufuata somo, akashindwa. Alikuwa akifikiria miaka yote ile, yeye Bondeni amefunga mlango, binti yake Rongai amefunga mlango, na kumbe walikuwa wakimlilia mtu mmoja.